Kisu cha Fibrox na mkoba wa mwanagenzi wa upishi: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Naanza na hukumu, maana najua wengi mtasoma aya mbili mkaondoka. Kama umepata nafasi ya uanagenzi wa upishi hotelini, usinunue seti ya visu. Nunua kisu kimoja kizuri cha inchi nane, kisu kidogo cha kumenyea, kinoo, na viatu visivyoteleza. Kisu nilichonacho mimi ni Victorinox Fibrox cha sentimita 20, mpini mweusi, na ndicho ninachokichambua hapa pamoja na hivyo vingine. Vitu vyote vilivyobaki kwenye orodha utakayopewa, ama jiko linavyo, ama hutavigusa mwaka mzima.

Nijitambulishe kidogo ili ujue nazungumzia jiko gani. Mimi ni komi wa pili, yaani mpishi msaidizi wa ngazi za chini, kwenye hoteli moja ya ufukweni, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwetu Muheza, Tanga. Niliingia kwa njia hiyo hiyo ya uanagenzi: kipindi chuoni, kipindi jikoni, posho kidogo, chakula cha zamu na gari la wafanyakazi. Nipo jiko la baridi, yaani saladi, matunda, vitafunio na ukataji wote wa asubuhi. Wanagenzi wapya wakiletwa, huanzia kwangu, na kabla hata hawajajua choo kiko wapi wananiuliza, "Dada, ninunue nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Hakuna aliyenilipa kuandika haya. Kisu kililetwa na shangazi yangu anayeishi Maskati, na pesa yake nilimrudishia kwa mafungu. Ukiibadilisha ilifika kama laki moja na nusu.

Laki na nusu kwa kisu kimoja, najua unavyojisikia. Na mimi mama yangu aliniuliza kama kina injini.

Tuzungumzie kwanza ile mikoba. Umeiona madukani: begi jeusi la kukunja, ndani visu vinane, kumi, wakati mwingine kumi na viwili, na kila kimoja na mfuko wake. Mwenzangu niliyeanza naye alinunuliwa begi kama hilo na mjomba wake Kariakoo, kwa mapenzi tele, na lilikuwa zuri kulitazama. Kulikuwa na kisu cha mkate, cha minofu ya samaki, cha mifupa, mkasi wa kuku, kijiko cha kuchota tikiti liwe vidonge, na vidude vya kuchongea karoti maua. Siku tulipofika, shefu mkuu alifungua zipu, akatazama, akafunga, akampa kisu cha jiko. Hakusema neno. Kile kisu kikubwa cha kwenye mkoba mwenzangu alikitumia baadaye kwa ukaidi, na kabla ya msimu kwisha mpini ulikuwa unacheza na kutu imeingia kwenye misumari yake. Visu vingine vyote havikutoka mfukoni, kwa sababu mwanagenzi hapewi minofu ya nguru kuikata. Nguru ni ghali na mwanagenzi bado ni mgeni.

Hapo ndipo penye siri ya ununuzi wote huu. Orodha zinaandikwa kana kwamba utaanza kama mpishi, na wewe utaanza kwa kumenya. Miezi ya mwanzo ni vitunguu maji, karoti, mbatata, vitunguu thomu, matunda ya kifungua kinywa, na kupanga vitu kwenye friji. Baadaye unapelekwa kwenye mayai asubuhi, mbele ya wageni, ukakaange kila mmoja anavyotaka. Baadaye tena unapewa chakula cha wafanyakazi, ambacho kwa maoni yangu ndicho mtihani wenyewe, kwa sababu mgeni akikuta wali umeungua ataandika malalamiko kwa adabu, lakini watu wa bustani watakuja dirishani kukuuliza jina la kijiji chenu. Katika kazi zote hizo unahitaji kisu kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Basi.

Sasa kisu chenyewe.

Victorinox ni kampuni ya Uswisi. Ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, jimbo la Schwyz, na wengi tunaijua kwa kile kisu chekundu cha mfukoni chenye alama ya msalaba. Fibrox ni jina la aina yao yenye mpini wa plastiki yenye mikwaruzo midogo, ambao haupendezi hata kidogo. Ukiuweka karibu na visu vya mbao vya watu wengine, unafanana na kitu kilichookotwa machinjioni. Na kweli, hata wauza nyama wanavitumia visu vya aina hii. Ila mikono ikiwa na mafuta ya kuku au utelezi wa ngisi, mpini huo haukuponyoki, na hilo ndilo ninalolilipia. Mipini ya mbao inayong'aa inapendeza mikono ikiwa mikavu, na mikono ya komi haiwi mikavu.

Bapa lake limekatwa kutoka kwenye bamba la chuma, halikufuliwa. Wapenzi wa visu vya gharama hulitaja jambo hilo kwa sauti ya masikitiko. Mimi naliona lina faida mbili. Kwanza ni chepesi, hakifiki hata robo kilo, na baada ya gunia la vitunguu kifundo cha mkono kinakushukuru. Pili, hakina lile bonge la chuma ambalo visu vingi vya kufuliwa vinalo pale bapa linapokutana na mpini. Bonge hilo linazuia kunoa hadi mwisho, kwa hiyo miaka ikienda kisu kinalika katikati na kubaki na kitako kilichochomoza, halafu hakilali sawa juu ya kibao. Su shefu wetu, yaani msaidizi wa shefu mkuu, ana kimoja cha Kijerumani cha namna hiyo, kizito, kizuri, amekaa nacho miaka, na ukikiweka kwenye kibao unaona mwanga unapita chini yake.

Chuma chake ni cha kutoshika kutu kirahisi, chenye kaboni karibu nusu asilimia na kromiamu kama asilimia 15. Kwa watu wa bara hiyo ni habari ya maabara. Kwetu pwani ni habari ya kila siku: hewa ina chumvi, tunakamua ndimu mchana kutwa, embe mbichi, achari, ukwaju. Kisu cha chuma cha kaboni tupu ukikisahau kwenye maji ya ndimu wakati wa zamu ya mchana, jioni unakikuta na madoa. Changu nakiosha kwa mkono, nakifuta kikauke, basi. Sikipeleki kwenye mashine ya kuoshea vyombo kwa sababu kinagongana na vyuma vingine humo na makali yanapotea.

Udhaifu wake nao niuseme. Chuma hiki si kigumu sana, kwenye kipimo cha Rockwell ni kama 55 au 56. Jikoni maana yake ni kwamba makali yake yanachoka mapema kuliko ya visu vya Kijapani, ambavyo vingi viko 60 na kuendelea. Siku ya wageni wengi, asubuhi kinapita kwenye tungule kama hakuna ganda, ikifika saa kumi jioni unaanza kukisukuma. Kwa mtu aliyezoea kazi hiyo ni kero. Kwa mwanagenzi nasema ni heri, na sababu ni mbili. Chuma laini kinanoleka haraka, kwa hiyo utajifunza kunoa mapema badala ya kuogopa. Na kikigonga mfupa au mbegu ya embe, makali yanajikunja tu, unayarudisha kwa stili, ile fimbo ya chuma ya kunyooshea makali. Kisu kigumu kikigonga mfupa kinameguka, na kipande kilichomeguka hujui kimeingia kwenye sahani ya nani.

Jaribio langu la kisu ni kitunguu, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu mwanagenzi mpya atapimwa hapo hapo, apende asipende.

Unakata kitunguu katikati kupitia kwenye shina na mizizi. Unamenya. Unakilaza, upande wa mizizi uelekee mkono usioshika kisu, na mizizi hiyo huikati, ndiyo inayoshikilia tabaka zote pamoja. Kisu hushiki kwenye mpini peke yake. Kidole gumba na cha shahada vinabana bapa lenyewe, pale lilipoanzia, na vidole vitatu ndivyo vinavyoshika mpini. Mkono wa pili unakunja vidole, kucha ziangalie nyuma, na bapa linapanda na kushuka likiegemea vifundo. Unachana kwa wima kuelekea kwenye mizizi bila kuifikia, kisha unakata kwa upana, na vipande vinaanguka vyenyewe, sawasawa, vidogo kama unavyotaka. Vya milimita 3 kila upande chuoni wanaviita brunwazi. Vijiti vyembamba vya upana huo huo ni julieni. Ukiingia jikoni na majina hayo kichwani bila mkono wa kuyatenda, utachekwa, lakini ukiwa na mkono bila majina hutachekwa sana.

Fibrox ikiwa na makali, vipande vinakuwa na kona. Kibao kinabaki kikavu. Macho hayawashi sana, na sababu yake si miujiza: kisu butu kinaponda kitunguu badala ya kukikata, na kikipondeka ndipo ile hewa inayochoma macho inatoka kwa wingi. Su shefu wetu, mtu wa Mombasa, akimuona mwanagenzi anabubujikwa machozi hamuonei huruma. Anakwenda kusimama nyuma yake. "Wewe mwanangu, hicho kitunguu wakikata ama wakipiga?" Kisha anachukua kile kisu, anakipitisha kwenye ukucha wake wa gumba, na kikiteleza anakurudishia. Amesomea Chuo cha Utalii kule Nairobi, kilichoanza mwaka 1975 kwa ushirikiano na serikali ya Uswisi, na mimi huwa namtania kwamba ndiyo maana alikisifu kisu changu siku ya kwanza. Yeye anasema alikisifu kwa sababu hakikuwa kwenye mkoba.

Mambo ambayo kisu hiki usikifanyishe: kufungua nazi, kupasua kichwa cha nguru, kukata vitu vilivyoganda kutoka friza, na kukwangua kibao kwa upande wa makali. Nazi ina panga lake. Vichwa vina shoka la nyama. Kukwangua, geuza kisu, tumia mgongo. Nimewaona wapishi wakubwa wakikwangua kwa makali na sitawataja, ila visu vyao navijua.

Kisu kidogo cha kumenyea usikihangaikie. Victorinox wenyewe wana kile cha bapa la sentimita 8 hivi, cha bei ndogo sana ukilinganisha na kikubwa, na kinafanya kazi yote ya kutoa macho ya nanasi, kumenya thomu na kusafisha kamba. Kinapotea sana kwa sababu kinatupwa na maganda. Kila jioni kabla ndoo ya maganda haijatoka, ipapase.

Kinoo ndicho kitu ambacho watu hukiruka, na bila kinoo ile laki na nusu inakuwa hasara ndani ya mwezi. Nunua jiwe la maji lenye pande mbili, namba 1000 upande mmoja na 6000 upande wa pili; namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi. Lile jiwe la kijivu la duka la vifaa vya ujenzi ni la mapanga na majembe, linachana chuma vibaya. Vile vidude vya kuvutia kisu katikati ya magurudumu mawili navyo vinakwangua chuma kingi na kukupa makali ya siku moja. Jiwe langu halina jina la kujivunia, limeandikwa namba zake pembeni na maandishi nisiyoyasoma, na linafanya kazi.

Namna yake: loweka jiwe mpaka mapovu yaishe. Liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Kisu hiki kimenolewa kwa pembe ya kama digrii 15 kila upande, na hakuna mtu anayepima digrii jikoni saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kwa kisu cha upana huu, mgongo unyanyuke juu ya jiwe kama unene wa ncha ya kidole kidogo cha mwisho. Sukuma na kuvuta kwa vidole viwili vya mkono wa pili juu ya bapa, ukihama kutoka kitako hadi nchani. Usiyamwage yale maji ya tope yanayotokea, ndiyo yanayonoa. Baada ya muda pitisha gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Ukisikia mkwaruzo mdogo umejikunja upande wa pili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, geuza. Watu wengi wanaacha kabla ya kuusikia huo mkwaruzo na kulalamika jiwe baya. Ukimaliza pande zote mbili, hamia upande wa 6000 kwa mkono mwepesi. Kijaribu kwenye karatasi ya gazeti kama unataka kujionyesha. Mimi najaribu kwenye tungule iliyoiva sana, kisu kiingie kwa uzito wake.

Jiwe nalo linachimbika katikati. Likianza kubonyea, tandaza msasa juu ya kigae au kioo, mwagia maji, lisugue mpaka liwe sawa. Kazi ya dakika chache, na hakuna aliyenifundisha chuoni.

Viatu. Hapa sitaki mjadala wa bei. Sakafu ya jiko la hoteli ina maji, ina mafuta, na kuna mtu anapita nyuma yako na sufuria ya supu inayochemka akipiga kelele "nyuma, moto!" Kiatu kinatakiwa kifungwe mbele, kisitoboke juu, kioshwe kwa maji, na soli yake iwe ya kushika sakafu yenye mafuta. Raba za mazoezi hazifai, kitambaa kinafyonza mafuta ya moto na kukaa nayo juu ya ngozi. Ndala hutaruhusiwa mlangoni. Viatu vyangu ni vya mpira mweusi, vimefunikwa vyote, vibaya kuliko hata mpini wa Fibrox. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua viatu kwanza, maana kisu cha kuazima jikoni kipo lakini kiatu cha kuazima hakipo. Nunua pana kidogo, miguu inavimba ukisimama zamu nzima.

Na wasichana wenzangu tunaofunga kichwa: mtandio wenye ncha zinazoning'inia usiupeleke karibu na moto. Hijabu ya kuvaa, fupi, inayobana, ya pamba, na kofia juu yake. Nailoni ikishika cheche inakuyeyukia.

Kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula hakikuwa kwenye mpango wangu, ila nitakisifu. Ni kile cha betri chenye sindano, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kisu. Chakula hakitakiwi kukaa muda kati ya nyuzi 5 na 63 za Selsiasi, huko ndiko vijidudu vinakozaliana. Kuku katikati ya nyama tunataka afike 75. Kwetu meza ya kujihudumia inakaa wazi muda mrefu, na joto la Januari mnalijua. Mwanagenzi anayetoa sindano mfukoni na kusema "shefu, huu mchuzi uko 58" anasikilizwa, hata kama jana aliunguza mkate. Kukihakiki ni rahisi: kikombe kijae barafu iliyovunjwa, ongeza maji, koroga, choma sindano, isome sifuri. Ikikosea kwa zaidi ya nyuzi moja, soma maelekezo uirekebishe au uirudishe dukani.

Vitu vya kutonunua, haraka haraka. Vibao vya kukatia usinunue, jiko linavyo kwa rangi zake: chekundu nyama mbichi, buluu samaki, kijani saladi na matunda, kahawia mboga za kupikwa, njano nyama iliyoiva, cheupe mikate na maziwa. Jifunze rangi hizo usiku kabla hujaripoti, ukikata tikiti kwenye chekundu siku ya kwanza utakumbukwa hadi siku ya kuaga. Koti la upishi subiri hoteli ikupe. Kofia ndefu ile ya kwenye picha hutaivaa. Mizani, mwiko wa silikoni, pini ya kusukumia: vya jiko.

Vya bei ya chai ambavyo lazima uwe navyo: daftari dogo la kuingia mfukoni, kalamu ya maka, na tepu ya karatasi. Kila kinachoingia kwenye friji kinabandikwa jina na tarehe, cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Daftari andika vipimo vya sosi kwa gramu, si "kiasi". Na taulo mbili ndogo, kavu. Neno kavu nalikazia: ukishika sufuria ya moto kwa kitambaa kibichi, maji yanageuka mvuke ndani ya kiganja chako.

Kuhusu lini ununue. Ukiwa na laki mbili mkononi leo na unaripoti wiki ijayo, usikimbilie kisu. Kwanza kuna kupima afya, maana mtu anayeshika chakula cha watu anatakiwa awe na cheti cha afya, na kinarudiwa baada ya muda. Kuna nauli, kuna chumba, kuna mwezi wa kwanza ambao posho inachelewa. Anza na viatu, daftari na kisu cha jiko. Visu vya jiko ni butu, kwa sababu ni vya wote, na kitu cha wote hakina mwenye kukinoa. Kwa hiyo ukileta kinoo chako ukakinoa kile kisu cha jiko ulichopewa, umeshafanya nusu ya kazi ya Fibrox kwa robo ya bei, na wakubwa wataona. Nina mwanagenzi mmoja sasa hivi aliyefanya hivyo. Hana kisu chake mpaka leo, na shefu amemhamishia kwenye samaki kabla ya wenye mikoba.

Kisha subiri upite msimu mmoja. Aprili na Mei mvua za masika zikikata wageni, hoteli nyingine zinafunga kabisa na wengine tunarudi nyumbani. Nimeona watu wakigundua hapo kwamba hii kazi hawaitaki, na hakuna aibu: unasimama kwa muda wa saa kumi, sikukuu za watu wewe uko kazini, Idi unapika pilau ya wengine. Ukirudi mwezi wa sita kwa hiari yako, basi nunua.

Ukinunua, kagua. Bapa linyooke ukiliangalia kutoka nchani kama mtu anayelenga shabaha. Pale mpini unapokutana na chuma kusiwe na upenyo wa kuingiza hata ukucha. Muuzaji akikuuzia kwa bei ya sahani mbili za urojo, si chenyewe. Kwenye ndege kiweke begi la kupakiwa, usikibebe mkononi.

Kisu cha Kijapani unachokiona kwenye simu, kile chembamba chenye mawimbi kwenye bapa, nami nakitaka. Su shefu ananiambia nikianza kusimamia kituo changu mwenyewe ndipo nikinunue, kwa sababu hapo nitakuwa nakata mimi peke yangu na hakuna atakayekichukua kufungulia kopo. Anaongea kwa uchungu wa mtu aliyewahi kufunguliwa kopo.

Na hilo ndilo jambo la mwisho: visu jikoni vinatembea. Unakiweka kwenye kibao, unageuka kutoa mkate kwenye oveni, ukirudi kiko jiko la moto kinakata limau la mtu. Usifunge tepu kwenye mpini, inashika uchafu na mkaguzi atakuandikia. Usipake rangi, itabanduka kwenye saladi. Mimi nilikipeleka Mjini kwa sonara, nikamwomba anichoree herufi tatu karibu na kitako cha bapa, ndogo, kwa kile kidude anachochorea majina kwenye pete. Alinitazama, akatazama kisu, akaniuliza kama ni posa. Tangu siku hiyo kinaazimwa kama kawaida, ila kinarudi, na mara mbili hizi kimerudi kimeoshwa.